Namna ya kuwauliza watu wa mtaani kwako kama nchi majirani zilindane, ukapata jibu la ukweli

Ukimuuliza mtu wa Dodoma "je unakubali nchi jirani zilindane dhidi ya adui wa nje" atakwambia ndio. Atasema ndio sokoni Majengo, atasema ndio Nkuhungu, atasema ndio hata kule Hombolo kwenye mashamba ya zabibu, jioni unarudi nyumbani una fomu 60 zote ndio alafu hujajua kitu chochote. Hilo kosa nimelifanya mimi mwenyewe. Taasisi moja ilitupa dodoso lenye swali hilo hilo, tukazunguka siku nne, tukalipwa posho yetu, ripoti ikaandikwa kwamba wananchi wanaunga mkono kwa kishindo, na mimi moyoni najua kabisa hatujauliza kitu maana nilisikia watu wanachosema baada ya sisi kufunga daftari.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja hapo Hombolo. Alikua kibarazani na ungo mapajani anachambua mlenda, anatoa vijiti kimoja kimoja, nikamwamkia nikasoma swali langu akasema "ndio mjukuu wangu, kusaidiana ndo utu." Nikatiki. Nimeshasimama nakung'uta vumbi kwenye suruali, akauliza bila hata kuinua macho, "sasa hao watakaoenda kusaidia, ni watoto wa nani?" Kijana wake wa mwisho yuko jeshini. Nikarudi nikakaa. Tuliongea kama nusu saa hivi na ile nusu saa ilikua na maoni mengi kuliko fomu zote nilizobeba siku ile, na tangu hapo nimebadilisha kabisa ninavyouliza, ndo nataka nikuelekeze.

Kabla hujatoka nyumbani hakikisha we mwenyewe unajua unachouliza. Watu wengi wanachanganya vitu vitatu. Cha kwanza ni jeshi moja, yani majeshi yaunganishwe yawe chini ya amri moja. Cha pili ni mkataba wa kusaidiana, kila nchi inabaki na jeshi lake ila mmoja akivamiwa wengine wanaingia. Cha tatu ni vitu vya kawaida tu, mazoezi ya pamoja, kupeana taarifa, doria za mpakani. Mtu anaweza kukubali cha tatu kwa mikono miwili, cha pili akakubali kwa masharti, na cha kwanza akakikataa katakata, na vyote hivyo ukiviita "ulinzi wa pamoja" unapata ndio moja isiyo na maana. Tulishaona hili kwenye swala la shirikisho. Ile kamati iliyoongozwa na Profesa Wangwe ilipozunguka nchi nzima kuuliza kuhusu kuharakisha shirikisho la kisiasa la Afrika Mashariki, mwaka 2007 jibu la Watanzania wengi lilikua hapana msiharakishe, na hao hao ukiwauliza kuhusu ujirani mwema hakuna anayeukataa.

Alafu jua tumeshasaini nini, sababu lazima ukutane na mzee mmoja atakayekuuliza. Mkataba wa kulindana wa SADC, yani jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ulisainiwa hapo Dar es Salaam tarehe 26 Agosti 2003, na unasema shambulio la silaha kwa nchi mwanachama ni tishio kwa amani ya kanda nzima na litajibiwa kwa hatua ya pamoja, lakini humo humo unasema kila nchi itashiriki kwa namna inayoona inafaa. Hiyo sentensi ya mwisho nakuomba uishike, wasomee watu, uone nyuso zao. Upande wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna itifaki ya ushirikiano wa ulinzi ya 2012, ambayo inahusu zaidi mafunzo, mazoezi kama yale ya Ushirikiano Imara, operesheni za pamoja na kutembeleana, mkataba kamili wa kulindana ukaachwa ujadiliwe baadae. Sisi Tanzania tupo kote kote. Na mikataba ya namna hii inaridhiwa na Bunge, hapa hapa mjini kwetu, ibara ya 63 ya Katiba inasema hivyo, kwahiyo ukimwambia kijana wa bajaji kwamba kitu hiki hakiamuliwi mbali sana na anapopaki, anakusikiliza kwa namna nyingine.

Sasa maswali yenyewe. Mimi siku hizi nina maswali manne tu na nayauliza kama stori, sio kama mtihani.

La kwanza ni la bibi wa Hombolo, nani aende. Usiseme "wanajeshi", sema "vijana wetu", au sema "tuseme kijana wa nyumba hii". Hapa watu wana kumbukumbu na kumbukumbu zinauma. Tarehe 7 Desemba 2017 walinda amani wetu 15 waliuawa kule Semuliki mashariki mwa Kongo, na kila ninapouliza swali hili kwenye familia yenye mtoto JWTZ au aliyepita JKT naona mama anatazama pembeni kwanza. Mwache atazame. Usijaze ule ukimya na swali lingine. Alafu Januari 2025 mji wa Goma kule Kongo ulipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, kikosi cha SADC kilichokua na askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania kikapoteza watu, na Machi wakuu wa nchi wakaamua kikosi kirudi. Wapo watakaokwambia "kwanini tulienda", na wapo watakaokwambia "kwanini tumerudi kazi haijaisha", na unaweza kuwakuta wote wawili kwenye benchi moja la kahawa. Andika yote.

La pili, nani alipe. Wazee wa Dodoma hili hawahitaji kufundishwa. Idi Amin wa Uganda alipovamia Kagera mwishoni mwa 1978 akatangaza kipande kile ni cha Uganda, tulipigana mpaka Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na baada ya hapo Mwalimu akatuomba tufunge mkanda miezi 18. Ukimuuliza mzee wa hapa mtaa wa Kikuyu au Chamwino hiyo miezi 18 iliisha lini anakuangalia tu. Sabuni foleni, sukari foleni, malori ya mashirika yalichukuliwa kubeba askari. Kwahiyo uliza hivi, "mzee shikamoo, ile vita ya Kagera majirani walitusaidia nini?" Hapo ndo utasikia. Wengine watakwambia hakuna mtu, kwamba OAU, ule umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, ilikataa hata kumlaani Amin na Libya ikaleta askari upande wake. Wachache, hasa waliokuepo mgambo, watakukumbusha kwamba Msumbiji ilituma kikosi, rais wao Samora Machel hakutusahau. Mtu anayekumbuka Msumbiji na mtu asiyekumbuka wana majibu tofauti kabisa kuhusu kulindana, na hii nimeiona mara nyingi mpaka siku hizi nauliza kumbukumbu kwanza maoni baadae.

Na usipouliza Kongwa kwa mtu wa mkoa huu umepoteza nafasi. Kuanzia 1964 pale Kongwa palikua na kambi za wapigania uhuru, FRELIMO, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO, ZAPU, MPLA, Samora Machel mwenyewe alikaa pale, na makaburi ya waliofia pale yapo mpaka leo. Kwahiyo mkoa huu wenye ukame na uwele ulishabeba ulinzi wa majirani kabla hata neno lenyewe halijaingia kwenye mikataba. Nilienda na kijana mmoja wa chuo, mzaliwa wa Kibaigwa, amepita pale Kongwa maisha yake yote, hakuwahi kuambiwa. Nilivyomwelezea akanyamaza, alafu akasema "kwahiyo sisi ndo tulianza". Majibu yake yote yaliyofata yalikua ya mtu mwingine. Hapo sasa uwe makini, ukishamwambia mtu historia umeshamsukuma upande mmoja, kwahiyo uliza kwanza ndo umsimulie, na ukishamsimulia muulize tena na uandike majibu yote mawili mbali mbali.

La tatu, adui ni nani. Hili ndo gumu na ndo wadadisi wengi wanaliruka. Swali linasema "adui wa nje" lakini nje ya wapi? Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, Rwanda ipo tangu 2007, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba Rwanda inawasaidia M23 na Rwanda inakanusha, sasa mwambie mtu wa Makole huyo adui ni wa nje au wa ndani ya nyumba? Watu wanaliona hili vizuri kabisa, wanasubiri tu mtu awaulize. Mpe mifano halisi, mmoja mmoja. Kundi la wenye silaha linavuka mto kutoka nchi ya jirani, kama ilivyotokea Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya Mtwara wale wapiganaji wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, walipovuka Ruvuma. Nchi kubwa ya mbali inataka kuweka kambi yake kwa jirani. Maharamia baharini. Majirani wawili wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Kwa kila mfano muulize tuingie tusiingie, utashangaa. Kwa Kitaya karibu wote niliokutana nao wanasema tuingie, na tulishaingia kweli, SADC ilipeleka kikosi Msumbiji Julai 2021 na sisi tulikuemo mpaka kikafungwa Julai 2024. Kwa majirani wawili wanaopigana, watu wanarudi nyuma. Wanasema tupatanishe. Mzee mmoja aliniambia huwezi kushika panga kwenye ugomvi wa ndugu wawili alafu kesho ukaenda matanga yao wote.

La nne, nani aamue. Hapa Dodoma watu wanajua Bunge kwa sura, wanaona magari, wanajua kikao kikianza vyumba vya wageni vinapanda bei. Waeleze kwamba kwa ibara ya 44 Rais ndo anatangaza hali ya vita na tangazo linapelekwa kwa Spika, Bunge linaitwa ndani ya siku 14 kulijadili, alafu uliza kama wangetaka askari wetu kwenda kwa jirani kupite Bungeni kwanza au hapana kwa sababu vita haisubiri kikao. Wakina mama wengi niliowauliza wanataka kipite Bungeni. Vijana wa bodaboda wanataka haraka. Hao ni wale niliowafikia mimi tu, usichukue ukasema ndo Dodoma.

Kuna swali moja halipo kwenye orodha yangu lakini linajileta lenyewe, biashara. Nenda soko la mahindi Kibaigwa uongelee ulinzi wa majirani, hazipiti dakika tano wanaongelea mipaka na mizigo. Aprili 2025 tulizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini kuingia nchini, siku chache tu zuio likaondolewa, lakini kumbuka hizo ndo nchi mbili ambazo askari wao walikua na wetu kule Kongo. Julai mwaka huo huo ikaja amri ya wageni wasifanye biashara ndogo ndogo na Wakenya wakalalamika sana. Mfanyabiashara mmoja alipima debe mbele yangu, akalisawazisha kwa mkono, akaniambia "mtu ananifungia gari langu mpakani siku tatu mahindi yanaota, alafu nikafe kwa ajili yake?" Hayo ni maoni kuhusu ulinzi kabisa, usiyatupe kwa sababu hayana kisanduku kwenye fomu. Mimi nayaandikia ukurasa wake.

Kuhusu namna ya kukaa na watu. Salimia vizuri, hii sio mapambo. Wazee wa Kigogo ukiwaambia mbukwenyi hata kama Kigogo chako kimeishia hapo, benchi linasogezwa unapata pa kukaa. Kwa aliyekuzidi umri shikamoo, usianze na "habari" ukatoa kalamu. Asubuhi mapema watu wanawaza shamba na watoto wa shule, saa saba jua la Dodoma linakausha hata mawazo, jioni saa kumi na moja kwenye kahawa na kashata ndo watu wanafunguka, ila jioni vijiweni ni wanaume watupu. Wanawake wafate sokoni, saluni, kwenye vikoba, bombani. Mama ntilie usimuulize saa ya chakula, nenda saa tisa akiwa anaosha sufuria. Nikiwa karani wa sensa 2022 nilijifunza kwamba kwenye kaya atakayejibu ni baba hata kama hajui, kwahiyo omba kuongea na mama peke yake na kijana peke yake, maana kijana akijibu mbele ya baba yake anajibu jibu la baba.

Usiandike wakati mtu anaongea jambo zito. Sikiliza, andika ukishatoka hapo. Na kitu kikubwa kuliko vyote kwenye kazi hii ni neno "lakini". Mtu akisema "ndio, lakini..." kila kitu unachokitafuta kipo baada ya hiyo lakini. Mimi kwenye daftari nina safu mbili, safu ya ndio na hapana, na safu ya lakini. Safu ya lakini ndo inajaa. "Lakini waanze wao." "Lakini wasilete siasa." "Lakini mwanangu asiende." "Lakini tusirudi na majeneza kimya kimya." Hiyo ya mwisho nimeisikia kwa watu watatu tofauti sehemu tatu tofauti.

Mambo ya usalama wako na wa watu sipendi kuyapitia juu juu. Mtaarifu mwenyekiti wa mtaa na mtendaji kabla hujaanza, beba kitambulisho. Usiulize kambi ipo wapi, askari wako wangapi, wana silaha gani, nani ndugu yake yuko kikosi gani, hivyo sio maoni na kuna Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970. Usipige picha karibu na kambi. Mama akijisahau akakutajia kikosi cha mwanae usikiandike, mwambie kwa upole hicho sikihitaji. Majina usiandike kabisa, weka umri wa kukadiria, mtaa, mwanamke au mwanaume inatosha, na siku hizi kuna sheria ya taarifa binafsi ya 2022. Na ukija kuwasimulia watu ulichokuta sema wazi hizi sio takwimu rasmi, takwimu rasmi zina ofisi yake na sheria yake.

Kuhesabu sasa. Ukiwauliza watu 100 hata kama umewachagua kwa haki kabisa, jibu lako linaweza kupotoka pointi kama 10 juu au chini. Watu 400 ni kama 5, watu 1000 ni kama 3. Kwahiyo ukipata 54 ndio na 46 hapana kwa watu 100, hujapata mshindi, sema wamegawanyika basi. Na hiyo ni kama umechagua kwa haki, maana ukichukua rafiki zako wa chuo kikuu pale UDOM na benchi lako la kahawa hata wakiwa 1000 bado ni rafiki zako. Mimi nachukua mtaa, naanza nyumba moja kwa kura, naruka nyumba tano naingia ya sita, hata kama ya tano ndo ina kivuli kizuri. Mkoa una watu zaidi ya milioni 3 kwa sensa ya 2022 na wengi hawapo mjini, kwahiyo bila kufika Mvumi, Kondoa, Mpwapwa usiseme "wana Dodoma", sema "wakazi wa Chang'ombe niliowauliza".

Andika tarehe kwenye kila ukurasa. Maoni ya ulinzi yanageuka haraka kuliko maoni mengine yote, tazama Finland, miaka na miaka waliotaka kuingia NATO, ule umoja wa kulindana wa nchi za Magharibi, walikua kama robo tu hivi, Urusi ikaivamia Ukraine Februari 2022, Mei mwaka huo huo utafiti wa Yle, shirika lao la utangazaji, ukakuta asilimia 76 wanataka, na Aprili 2023 wakaingia. Nchi ile ile, watu wale wale, ila mpaka wao na Urusi una zaidi ya kilomita 1,300 na walikua wameona. Kwahiyo majibu yako ya mwezi ambao Goma imeanguka na ya mwezi uliotulia usiyachanganye kwenye jedwali moja. Ikiwezekana rudi kwa watu wale wale na maswali yale yale bila kubadilisha hata neno, hapo ndo utajua kama ni watu wamebadilika au ni swali.

Na ukimaliza rudisha majibu kwa waliokupa. Hakuna kitu kinawaudhi watu wa huku kama kuulizwa kila mwaka alafu kimya. Mimi nabandika karatasi moja kwa mwenyekiti wa mtaa, kurasa mbili maandishi makubwa, na naenda kusoma kwa sauti kwenye kahawa, wanabishana, wanaongeza, na yale wanayoongeza nayaandika pembeni kwa kalamu nyekundu ili yasichanganyike na ya mwanzo. Bibi wa Hombolo hasomi, kwahiyo yeye namfata nyumbani. Mara ya mwisho nilimsomea kwamba wengi wameuliza swali lake, watoto wa nani. Akaacha ungo, akataka nimsomee tena ile sehemu, alafu akaniuliza wale wa Bungeni walipoulizwa walijibu nini. Nikamwambia bado sijawauliza. Akasema basi nenda.